Pauni Elfu Moja, Miaka Mia Mbili

Kila Januari lile jedwali hurudi. Unalijua. Upande mmoja miaka, upande wa pili pesa, na mstari unaopanda pole pole kisha ghafla unasimama wima kama ukuta. Analituma binamu kwenye kundi la familia, na maneno chini yake ni yale yale: weka elfu tano kila mwezi kwa asilimia 10, subiri miaka 30, utatoa zaidi ya milioni 11. Na wewe ulichoweka ni milioni 1.8 tu. Nimeirudia hesabu hiyo kwa simu yangu na iko sawa kabisa.

Lakini jedwali halina watu. Mimi huandika na kulipwa kazi kwa kazi, na jedwali halijui chochote kuhusu mwezi ambao mteja ameshikilia pesa zako na hapokei simu. Halijui mjomba akilazwa. Linadhani miaka 30 ni miezi 360 inayofanana kama matofali. Kwa hivyo nikaanza kutafuta: je, kuna mtu aliyewahi kulijaribu jambo hili kwa kweli, na pesa halisi, kwa muda mrefu wa kutosha tuone lilivyokwenda? Yuko mmoja. Alijaribu kwa miaka 200, na matokeo yake yameandikwa.

Anaitwa Benjamin Franklin. Ndiyo, yule wa noti ya dola 100. Alizaliwa Boston mwaka 1706, baba yake akitengeneza mishumaa na sabuni. Shule aliiacha akiwa na miaka 10. (Sisi tulioacha masomo njiani huwa tunamtaja sana huyu mzee, labda kupita kiasi.) Akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, wakakosana, na akiwa na miaka 17 akatorokea Philadelphia. Huko alikuja kufungua kiwanda chake mwenyewe kwa pesa alizokopeshwa na marafiki wawili. Hilo la marafiki wawili hakulisahau hadi uzeeni.

Alipokufa tarehe 17 Aprili 1790, wosia wake ulikuwa na nyongeza aliyoiandika mwaka uliotangulia. Ndani yake aliachia Boston pauni 1,000 na Philadelphia pauni 1,000. Pesa hizo zilitokana na mshahara wake wa miaka mitatu kama kiongozi wa Pennsylvania, cheo kinachokaribiana na gavana wa leo. Franklin aliamini viongozi wa umma hawafai kulipwa mshahara. Hebu peleka wazo hilo bungeni kwetu uone utakavyotolewa nje.

Masharti yalikuwa haya. Kila mji ukopeshe pesa zile kwa vijana mafundi walio chini ya miaka 25, waliooa, waliomaliza uanagenzi wao vizuri, na wenye wadhamini wawili wanaoheshimika. Mkopo usipungue pauni 15, usizidi 60. Riba asilimia 5 kwa mwaka. Kila mwaka mkopaji arudishe sehemu moja ya kumi ya deni pamoja na riba, na kinachorudi kikopeshwe tena kwa kijana mwingine. Mambo yaende hivyo kwa miaka 100. Wakati huo, kwa hesabu yake, pauni 1,000 zitakuwa 131,000. Mji utoe 100,000 ujenge vitu vya umma: madaraja, mabomba ya maji, barabara. Zile 31,000 zilizobaki ziendelee kukopeshwa miaka 100 mingine, hadi zifike pauni 4,061,000. Hapo mji uchukue 1,061,000, na zile milioni tatu ziende kwa serikali ya jimbo.

Wazo la kungoja karne halikuwa lake peke yake. Mwaka 1785 Mfaransa mmoja, Charles-Joseph Mathon de la Cour, aliandika kitabu cha utani kuhusu mzee anayeacha vijisenti katika wosia, vizae riba kwa karne moja, mbili, hadi tano, kisha viokoe dunia nzima. Ulikuwa mzaha, na uliyetaniwa ndani yake ni Franklin mwenyewe na kalenda zake za mawaidha ya kuweka akiba. Franklin hakununa. Alimwandikia kumshukuru, kisha akaenda akafanya.

Tukae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ile ahadi ya binamu inapojificha. Ukikopesha pauni 1,000 kwa asilimia 5, mwaka wa kwanza unapata 50. Mwaka wa pili hukopeshi 1,000 tena, unakopesha 1,050, na unapata 52 na nusu. Ile mbili na nusu ni riba ya riba. Inaonekana mchezo wa watoto. Lakini kila mwaka unazidisha kwa 1.05, na ukizidisha mara 100, pauni moja inakuwa 131 na nusu. Franklin aliikata ile nusu, ndiyo maana akaandika 131,000 kamili. Nusu hiyo ni kama pauni 500, na zikiachwa ndani karne nyingine zingekuwa zaidi ya 65,000. Mzee aliyewafundisha watu kutunza senti alidondosha pauni 65,000 kwa kutaka namba isomeke vizuri.

Sasa sikiliza. Tuseme wasimamizi wa pesa hizi ni waaminifu, hakuna anayeiba hata senti. Lakini wakati wowote ule, moja ya tano ya pesa imelala kwenye sanduku. Labda wakopaji hawajatosha mwaka huu. Labda fundi mmoja amerudisha pauni 6 leo, na kwa vile mkopo mdogo kabisa ni 15, lazima wangoje wengine walipe kwanza. Moja ya tano ikilala, riba ya mfuko mzima inashuka kutoka asilimia 5 hadi 4. Mwaka wa kwanza hasara ni pauni 10. Nani atapiga kelele kwa pauni 10? Mwisho wa miaka 100, hata hivyo, pauni 1,000 zimekuwa 50,500 badala ya 131,500. Umelaza moja ya tano ya pesa, umepoteza zaidi ya nusu ya matokeo.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Tunaambiwa kila siku kwamba riba juu ya riba ni nguvu ya ajabu. Hatuambiwi kwamba uvujaji nao hulimbikizana, kwa mwendo ule ule. Ada ya asilimia moja kwa mwaka inayokatwa na msimamizi wa hazina yako, ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi, ndiyo hiyo moja ya tano iliyolala sandukuni.

Na kuna tatizo la pili ambalo jedwali haliwezi kulionyesha. Pesa zikikua, wakopaji nao lazima waongezeke. Fundi aliyekopa pauni 60 na kurudisha 6 kila mwaka, ukichukua wastani wa miaka yake kumi, anakuwa na deni la pauni 33 tu. Kwa hivyo mfuko ukikaribia pauni 100,000, unahitaji vijana kama 3,000 wakati mmoja katika mji huo, wote mafundi, wote wameoa, wote chini ya miaka 25 walipokopa, wote na wadhamini wawili. Boston ya karne ya 19 ilikuwa inabadilika upesi. Viwanda vilikuja, na uanagenzi wa kukaa miaka kwa fundi mmoja hadi ufungue karakana yako ukaanza kufifia. Kijana aliajiriwa kiwandani, akapewa ujira wa siku. Hakuwa na karakana ya kufungua. Franklin aliwawekea mtego wa pesa vijana wa aina yake mwenyewe, na aina hiyo ikawa inatoweka.

Na wale waliokopa hawakulipa wote. Hili halishangazi mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama. Wengine walichelewa, wengine walifilisika, wadhamini wakafuatwa. Kumfuata mdhamini ni kazi, na ni aibu kwa pande zote mbili, hasa mkikutana kanisani.

Kwa hivyo wasimamizi wa Boston walifanya kitu ambacho ningependa ukifikirie polepole. Katika miaka ya 1820 walianza kuhamisha sehemu kubwa ya pesa kwa kampuni moja kubwa ya mjini, Massachusetts Hospital Life Insurance Company. Usidanganywe na jina; pamoja na bima, kazi yake kubwa ilikuwa kusimamia mali za watu. Huko pesa zilitulia na kuzaa riba bila kuulizia nani ameoa. Mikopo kwa mafundi ikapungua mwaka baada ya mwaka, mpaka ikabaki karibu jina tu.

Na kampuni ya namna hiyo ilikopesha nani? Ilikopesha wenye mali ya kuweka rehani na wenye viwanda vya nguo. Yaani pesa zilizoachwa zimsaidie kijana afungue karakana yake zilikwenda kuwapa nguvu wale waliokuwa wanaifunga karakana hiyo. Simlaumu msimamizi yeyote kwa jina. Ukipewa kazi ya kukuza namba kwa miaka 100, utaikuza namba. Franklin alitaka mambo mawili kwa mfuko mmoja, vijana wasaidiwe na pesa zizaane, na alidhani ni jambo moja.

Philadelphia waling'ang'ania mikopo kwa muda mrefu zaidi, na mfuko wao ukakua polepole zaidi. Karne ya kwanza ilipoisha, Boston ilikuwa na karibu dola 391,000. Kwa ahadi ya Franklin zilipaswa kuwa kama dola 582,000, kwa hivyo Boston ilifika theluthi mbili ya safari, ambayo kusema kweli si haba. Philadelphia ilikuwa nyuma sana. Wazao fulani wa Franklin wakaenda mahakamani kudai pesa hizo zirudi kwa familia. Hawakufaulu. Boston nako kulikuwa na kesi za kuuliza nani hasa ana mamlaka juu ya mfuko, kwa sababu wosia uliwataja wazee wa mji, cheo kilichofutwa Boston ilipogeuzwa kuwa jiji mwaka 1822. Unaandika maagizo ya miaka 200, na ofisi uliyoiachia kazi inakufa baada ya 32.

Kesi hizo ni kitu kidogo ukizilinganisha na zilizompata mwenzake wa London. Peter Thellusson, mfanyabiashara tajiri, alikufa mwaka 1797 akaacha pauni zipatazo 600,000 na agizo kwamba zisiguswe. Zilimbikizane katika uhai wote wa wanawe, wajukuu na vitukuu waliokuwa hai siku alipokufa, kisha zigawiwe wazao watakaofuata. Watoto wake mwenyewe wakabaki wanatazama utajiri kupitia dirishani. Waingereza walishtuka. Watu walipiga hesabu wakaona mfuko huo ukiachwa utameza nchi, na mwaka 1800 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia malimbikizo ya namna hiyo. Kesi ilipoisha mwaka 1859, gharama za mawakili na uendeshaji zilikuwa zimekula sana, na kilichobaki hakikuzidi kwa kiasi kikubwa kile kilichoachwa mwanzoni. Zaidi ya miaka 60 ya riba juu ya riba, matokeo karibu na sifuri. Kenya nayo ina sheria yake ya ukoo huo huo, Sura ya 161 ya sheria zetu. Hofu ya pesa za mtu mmoja kumeza nchi ilipanda meli na Waingereza ikafika mpaka hapa.

Nirudi kwa Franklin, lakini kwanza niseme neno kuhusu asilimia yenyewe, kwa sababu najua kuna msomaji anacheka: asilimia 5? Mwaka 1993 serikali ya Kenya ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 80 kwa hati zake za muda mfupi. Mtu aliyekuwa na milioni moja wakati huo angeweza kulala tu. Lakini ndio mwaka ambao, baada ya pesa zilizochapishwa wakati wa uchaguzi wa 1992, bei zilipanda kwa takriban asilimia 46, na shilingi ikaanguka vibaya. Mama wa sokoni hakuwa na hati ya serikali. Alikuwa na unga uliopanda bei. Riba kubwa mara nyingi ni dalili ya homa. Asilimia 5 ya Franklin ilikuwa riba ya nchi ambayo, ukiondoa nyakati za vita, pesa yake ilifungwa kwa dhahabu na fedha, na bei hazikukimbia kwa karne nzima. Ndiyo maana hesabu yake ya miaka 100 ilikuwa na maana. Karne ya pili dola ilianza kuyeyuka, na kila namba nitakayokupa kuanzia hapa ipunguze moyoni mwako.

Boston walichukua sehemu yao ya karne ya kwanza, tajiri wa chuma Andrew Carnegie akaongeza kiasi kama hicho, na mwaka 1908 wakafungua shule ya ufundi kwa jina la Franklin. Philadelphia sehemu yao ilikwenda kwa Franklin Institute, taasisi inayojulikana leo kwa jumba lake la makumbusho ya sayansi. Kilichobaki kikaendelea. Kuanzia mwaka 1940 hivi, mfuko wa Philadelphia ulikuwa unatoa zaidi mikopo ya nyumba kwa watu wa kawaida. Hakuna aliyeuliza kama mkopaji ni fundi wa viatu.

Mwaka 1990 miaka 200 ikatimia. Boston ilikuwa na karibu dola milioni 5. Philadelphia, zaidi kidogo ya milioni 2. Franklin alitarajia pauni milioni nne kwa kila mji, ambazo kwa thamani ya pauni ya enzi zake ni kama dola milioni 18. Magazeti ya Marekani yaliisimulia habari hii kama muujiza wa kuweka akiba, na bado wauzaji wa hazina za uwekezaji huitumia hivyo: unaona, kapesa kadogo kamekuwa mamilioni! Mimi naisoma kwa upande mwingine. Miji miwili, mwanzo mmoja, wosia mmoja, riba moja kwenye karatasi, na mmoja unamaliza na zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Tofauti kati yao haikutokea siku moja. Ni nusu asilimia hapa, mwaka wa kulala pale, mdhamini aliyesamehewa kule.

Ila ukiniuliza ni mji gani ulifanya vizuri, sitaangalia salio. Philadelphia ilikuwa na pesa chache kwa sababu, kwa sehemu, pesa zake zilikaa mikononi mwa watu. Paa lililojengwa kwa mkopo wa mwaka 1950 halionekani kwenye salio la 1990. Jedwali linahesabu kilichorudi tu.

Nasema hivi nikiwa na Hazina ya Hustler akilini. Ilizinduliwa Novemba 2022, na ukiondoa simu na siasa, ni ndugu wa mfuko wa Franklin: pesa za umma zinazozunguka, mkopo mdogo, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kinachorudi kikopeshwe mwingine. Tunaihukumu kwa swali moja, wamelipa au hawajalipa. Ni swali halali. Lakini Franklin, na ukali wake wote wa kuhesabu senti, alimpa fundi miaka 10 ya kurudisha. Mkopo wetu wa kwanza kabisa ulikuwa wa siku 14. Seremala wa Gikomba hawezi kununua mbao, kutengeneza kitanda, kumpata mnunuzi na kulipwa ndani ya siku 14, labda kitanda kiwe tayari kimeshauzwa kabla ya kukopa. Hapo unamkopesha anunue chakula, kisha unashangaa karakana haijafunguka.

Pesa za 1990 zilileta mabishano. Philadelphia kulitajwa hata wazo la kuzitumia kwa sherehe kubwa ya muziki, waalikwe Ben Vereen na Aretha Franklin, Ben na Franklin, umeelewa. Watu walikasirika, na mwishowe pesa za jiji zikaelekezwa zaidi kwenye ufadhili wa masomo kwa vijana. Boston, zilibaki na ile shule ya ufundi, ambayo leo ni chuo kinachofundisha mambo ya umeme, magari na kompyuta. Mwaka 2022 chuo hicho kilipewa zawadi ya dola milioni 12.5 na wakfu wa familia ya Cummings, kwa mkupuo, zaidi ya mara mbili ya kilichozalishwa na miaka 200 ya kungoja. Kikabadilisha jina. Sasa kinaitwa Benjamin Franklin Cummings Institute of Technology.